Mguu wa Nane

Naanza na pete ya uzi, vishono sita ndani yake,
navuta ncha, tundu linafumba.
Hapo ndipo huanzia kila kitu cha kulabu,
na huyu naye, ambaye hakuumbwa popote
ila ndani ya kioo cha Azzan, mtoto wa kaka yangu.

Anaitwa Dumbwiri. Miguu minane, pembe moja,
tumbo linawaka akimeza radi.
Azzan ameusimamisha mchezo ili nimtazame:
"Shangazi, mgeuze. Huku nyuma ana mabaka."
Namgeuza kwa kidole. Kweli, ana mabaka,
na mkia mfupi kama kizibo.

Mabela, mwezi wa saba, saa tisa mchana.
Nje hata paka wamejibanza chini ya magari.
Kiyoyozi kinakohoa, kinatema maji ndooni.
Uzi niliufuata Ruwi, kwa Rajeevan,
akanitandikia mezani zambarau za aina tano,
nikaipeleka picha kwa kila moja,
hakuna iliyokubali.
Rangi ya taa haiuzwi kwa gramu.
Nikachukua iliyokaribia, na nyingine ya mabaka,
riali mbili na baisa mia tatu. Akanipunguzia mia.

Mikono yangu ni ya kofia.
Miaka ishirini nimetoboa vitundu kwa sindano,
nikavizungushia uzi, vichwa vya watu vipate kupumua.
Kulabu nimejifunza ukubwani,
nayo bado inaniteleza, kama maneno ya ukweni.

Azzan ananisaidia kuhesabu,
mimi kwa changu, yeye kwa cha mamake.
Moja, wahed. Mbili, thnen.
Tatu, nne, tano, tunapishana
kama watu wawili kwenye ngazi nyembamba,
kila mtu na ukuta wake,
halafu sita,
tunagongana, tunacheka.
Saba, tupo pamoja.
Nane, ananipotea.
Tisa, huyo karudi!
"Shangazi, mmetuibia," ananiambia kwa Kiarabu.
"Tulikopa," namjibu. "Deni la zamani,
hata mwenye duka kasahau."

Pamba ya dukani iliishia kwenye pembe.
Nikatoa kabatini mto wa mama,
ule aliokuja nao kutoka Wete umefungwa kwa kanga,
nikafumua kona. Sufi ikapaa,
ikamkaa Azzan kwenye nyusi, akapiga chafya mara tatu.
Nilidhani nitalia. Nikaenda kutafuta ufagio.
Sufu nje, sufi ndani, herufi moja tu.
Mama angeuliza: Mto wangu ndio umekuwa dudu?
Umekuwa dudu, mama. Lina pembe.

Usiku wa Ijumaa mchezo ukageuka.
Azzan kapanda daraja, na Dumbwiri wake
kajibambua ngozi, kaota mabawa, kawa wa kijani.
Akaja chumbani kwangu na kioo mkononi,
uso kama wa aliyevunja sahani.
"Amebadilika," alisema. "Harudi tena."
Nikatazama kapuni: miguu saba,
kichwa kimelalia upande mmoja,
zambarau isiyofanana na kitu chochote duniani.
"Wangu hapandi daraja," nikasema,
na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka.

Hakujibu. Alikaa kitandani, akampakata,
akaanza kumhesabu miguu, kwa changu, bila kuambiwa,
moja, mbili, akiiminya mmoja mmoja
kama anayekagua ndizi sokoni,
akafika saba, akanyamaza.
"Na ule?" akauliza. "Ule baada ya saba?"

Ulikuwa mapajani mwangu, mtupu bado, mdomo wazi.
"Uite," nikamwambia, "nami nitaushona."
Kiyoyozi kikadondosha tone ndooni.
Azzan akawa anautafuta, macho juu darini,
ulimi umeshagusa ufizi,
kwenye n.