Saa ya Mkunga

Barabara ya Kirinyaga hailali kabla ya saa nane usiku.
Mpaka hapo malori yanaitikisa meza yangu,
mafuta yanafanya viwimbi kwenye kifuniko cha chupa,
na gurudumu la meno kumi na tano
lisilozidi punje ya ndengu
haliguswi na mwenye akili.

Kwa hiyo nangoja.
Otachi wa vipuri, mlango wa pili,
huniuliza kwa nini nisinunue mashine iliyo tayari,
zimejaa Luthuli, bei ya chai na chapati mbili.
Namwambia: na mkeo ulimnunua Luthuli?
Anacheka, anashusha mlango wa mabati.

Saa hii ni ya Sista Kwamboka,
mkunga wa zamu ya usiku, Pumwani.
Alikuja na duara la kalamu nyuma ya risiti:
"Nimechoka kugeuza.
Akrabu inaelekeza moja, mdomo unasema saba.
Mama ananiuliza amejifungua saa ngapi,
nami nachungulia ng'ambo ya pili ya uso
kama msoma barua kwenye kioo.
Nitengenezee inayosema ninavyosema."

Nikakata uso kwa shaba ya kitasa cha Gikomba,
nikaipandisha sita kileleni,
nikaishusha kumi na mbili chini, ilale.

Miezi minane. Tupa, pumzi, tupa.
Gurudumu la kwanza nililiua mwezi wa tatu
kwa kupiga chafya.
Kamani ilinifyatukia ikanichora shavu,
alama hii hapa.

Jana usiku, barabara imetulia,
nikaijaza kwa mara ya kwanza,
nikaiweka sikioni.
Kimya.
Nikaifungua tena, skrubu kwa skrubu,
na chini ya daraja la pili nikamkuta mkosaji:
unyoya wa sweta yangu ya kijani.
Nikautoa kwa ncha ya sindano.

Gurudumu likasita,
likarudi nyuma kidogo,
likaipata njia.

Nilikaa nikiisikiliza
mpaka mkokoteni wa kwanza wa viazi ukapita.

Asubuhi Sista akaja, bado na viatu vya wodini.
Akaipima kiganjani, akaigeuza, akaitega sikio,
baki la bei hakuliuliza.
Akauliza kama anavyouliza kila usiku,
kalamu tayari mkononi:
"Na yenyewe ilizaliwa saa ngapi?"

Nikatazama ukuta.
Nikatazama vidole vyangu.
Sikuwa nimeangalia.