Kato Amngoja Wasswa

Nililinunua kwa uzani,
kilo moja na robo ya plastiki,
kutoka gunia la midoli la mama mmoja sokoni Mbale
aliyeapa kwamba halijavunjika,
limechoka tu.

Tairi tatu. Ya nne, kifuniko cha chupa ya dawa.
Betri ilikuwa imetapika ukijani juu ya waya,
na chini ya bodi, kwa wino usiofutika,
mtoto wa nchi nisiyoijua
ameandika jina lake, au la mbwa wake.
Hilo sikulisugua.

Nandutu alilitazama, akalitazama tena,
akauliza kama na hili litakula chakula cha jioni.

Miaka thelathini pale Posta niliunga simu za watu:
harusi, madeni, misiba,
vyote vikipita vidoleni mwangu kwenda kwa wenyewe.
Sasa naunga gari lenye urefu wa kiatu changu.
Siki kwa ule ukijani. Mswaki. Subira.
Gia iliyong'oka meno matatu
nimeichongea mwenzake kutoka ubao wa kukatia nyama
(Nandutu bado anautafuta).
Springi nimezitoa kwenye kalamu nane,
shokapu zinakunywa mafuta ya cherehani,
na bodi iliyopasuka nimeishona kwa uzi wa shaba
kama bibi alivyoshona kibuyu chake, akakitumia, akatuachia.

Rangi yake ilikuwa njano.
Duka la baiskeli lilikuwa na nyekundu.
Opio wa Soroti, mwenye magari kumi na moja ya aina hii
na kabati lenye kufuli,
alininunia mwezi mzima:
la kale hurudishiwa rangi yake, alisema,
au liachwe lilivyo.

Likakaa mezani, zuri, kiziwi.

Maana magari haya ya zamani husikia kwa fuwele,
moja ndani ya rimoti, moja tumboni mwa gari,
jiwe ndani ya bati dogo kama punje ya mhindi.
Ya gari ilikuwepo. Nikaiita Kato.
Ya rimoti, inayosema kwanza, ilipotea njiani.
Nikaiita Wasswa, ili nikiitafuta
nisiwe natafuta kitu kisicho na jina.

Watu hudhani pacha ni kufanana.
Hawa hupishana kilohezi mia nne hamsini na tano,
si pungufu, si zaidi,
na katika pengo hilo ndimo gari linamosikia.
Weka mbili zilizo sawasawa:
kimya.

Miaka miwili.

Kisha parokia moja huko Nkokonjeru ikasafisha stoo,
redio za upepo za makatekista, zimejaa mende,
na bruda akaniambia chukua zote, na mende wake.
Ya tatu niliifungua usiku.
Nikasoma namba kwa lenzi, nikaisoma tena,
nikamwamsha Nandutu anisomee yeye,
kwani jicho lenye hamu halina ushahidi.

Gidudu ana sakafu ya kuanikia kahawa,
saruji laini kuliko barabara yoyote ninayoijua,
na asubuhi ile nusu yake ilikuwa tupu.
Niliwasha.
Magurudumu ya mbele yakatikisika, kushoto, kulia,
kama mgeni aliyeamshwa nyumba asiyoizoea.
Likaondoka.

Kinu cha jirani kilipoanza kusaga
likapagawa, likazunguka lenyewe mara mbili,
likaipasua kahawa ya Gidudu katikati.
Gidudu akafoka, watoto wakashangilia,
na Opio, ambaye hakualikwa,
alikuwa anapiga magoti kwenye kona ya pili
akisahau habari za njano.

Nandutu akanyoosha mkono.
"Lete."
Nikamwambia betri hukaa dakika saba,
zimebaki tatu.
Tatu zinanitosha, akasema,
akavua kandambili, eriali ikaelekea Wanale.

Leo ni Jumamosi ya tano.
Rimoti sijarudishiwa.