Rivasi ya Bi Arpenik

Alikuja Januari, theluji ya Gyumri ikiwa magotini,
na Zhiguli nyeupe ya mwaka sabini na tisa
aliyoachiwa na marehemu Hovsep
pamoja na deni la gesi na mbwa asiyebweka.
"Gia zinanitukana," alisema. "Rivasi hasa.
Kila nikitoka, jirani huchungulia dirishani."

Mjomba Vardges hakufungua boneti.
Mafundi wengine hukimbilia spana; yeye hukimbilia kiti.
Aliketi, akazima redio, akaniambia:
Nazeli, shika tochi, funga mdomo,
gari linataka kusema.

Akavuta handibreki, akatia gia ya tatu,
akaachia klachi taratibu
kama mtu amlazaye mtoto aliyekwisha sinzia.
Injini ikatikisika, ikazima papo hapo.
"Vizuri. Imekufa kwa heshima.
Klachi iliyolika haizimi injini:
injini hupiga kelele, gari halisogei,
kama mume wa ahadi."
Bi Arpenik akacheka, kisha akaacha kucheka.

Halafu nyutro. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia.
Ukisikia mlio mguu ukiwa chini, ni beringi ya klachi;
ukiusikia mguu ukiwa juu, ni ya giaboksi,
na hapo utakaolia ni mfuko wako.
Tulitega masikio sote watatu.
Nilisikia jiko la kuni,
nikasikia bati la kontena likijikunyata kwa baridi.
Beringi, kimya.

Akanituma uvunguni.
Barafu iliyoyeyuka ikanidondokea shingoni.
Silinda ya chini: kavu. Bomba: kavu.
Kikopo cha mafuta kimejaa hadi mstarini.
Pedali ngumu, haizami kama mguu kwenye uji,
kwa hiyo hewa hamna.

Basi nini?
Mbona rivasi inasaga meno kama mwenye homa?
"Klachi inaachia," mjomba alisema, "ila haiachii yote.
Kuna kitu bado kimeshikilia."
Bi Arpenik alivua glavu moja, akaivaa tena.

Ndipo mjomba akapeleka mkono chini ya pedali
akatoa kipande cha zulia jekundu,
kimekunjwa mara nne, kimeshonwa kwa uzi wa viatu,
unene wa vidole viwili.
Pedali ilikuwa ikigota hapo
ikidhani imefika.
"Kikulacho," alinong'ona, "ki miguuni mwako."

"Sakafu ilitoboka kwa kutu," mama yule alisema.
"Hovsep alikiweka mwaka alionifundisha kuendesha.
Miguu yangu ilikuwa inakufa ganzi."
Na yeye mwenyewe?
Yeye alibadili gia kwa sikio,
miaka kumi na minne, bila kulalamika,
bila kukitoa.

Rivasi iliingia kimya.
Gia ya pili ikasema krrr.
"Pete yake imelika," mjomba alisema. "Klachi nusu, kila siku."
Akataja bei. Bi Arpenik akatazama nje, theluji.
Basi akamfundisha: klachi, nyutro, achia;
ukipanda gia, subiri pumzi moja;
ukishuka, mafuta kidogo;
klachi tena, ndipo pili.
Mara ya sita krrr ikawa kr.
Mara ya tisa nilitazama kama mkono wake umesogea kweli.

Tulikata kifuniko cha kopo la rangi, tukaziba tundu la sakafu.
Hilo hakulilipia. Zulia alilitia ndani ya koti,
akafunga vifungo vyote.

Wiki iliyofuata alipiga simu.
Gari zima, alisema, ila jirani amemgongea mlango
siku mbili mfululizo, saa mbili asubuhi,
amevaa ndara kwenye theluji,
kuuliza kama bado yu hai.