Mlango wa Barabara ya Misonobari

Mara ya kwanza barua ilikuja na mhuri wa Wizara ya Ujenzi:
*Fundi Lugalia, mlango wa mbele haufunguki.
Makao rasmi ya Kiongozi wa Upinzani, Kileleshwa.*
Nikacheka peke yangu kule karakana, Eneo la Viwanda.
Mlango wa upinzani, unapinga.

Nyumba aliijenga daktari wa meno, Mzungu fulani:
mawe ya kijivu, vigae vyekundu,
bomba la moshi kwa baridi ya Julai.
Akaondoka na bendera yake.
Wakapita majaji. Akapita bwana wa reli
aliyefuga bata ndani ya bafu.
Kisha serikali ikanunua nyumba
ambayo tayari ilikuwa ya serikali.
Hesabu hizo usiniulize, mimi ni mtu wa mbao.

Na mbao ile ni mvule, unene inchi mbili.
Kiangazi hufunguka kwa kidole.
Novemba, Kirichwa ikianza kunguruma huko bondeni,
hufura, hununa, hung'ang'ania fremu,
hata ulete bega la askari.

Nikapiga randa. Maranda yakajaa barazani.
Mheshimiwa Kiptoon akafika na gari moja,
akasimama kwenye kizingiti, hakuingia.
Akauliza, "Nikilala kitanda cha serikali,
asubuhi nitaamkia upande gani?"
Akarudi kwake Umoja, ghorofa ya tatu, maji ya mtungi.
Vitanda vikabaki na nailoni zake.

Miaka sita. Barua nyingine, mhuri uleule.
Safari hii Mheshimiwa Mwasaru,
masanduku kumi na moja yakatangulia Alhamisi.
Ijumaa nikapiga randa mpaka jioni.
Jumamosi redio ikasema amepeana mkono,
amepewa wizara, tena si ndogo.
Jumapili masanduku yakatoka
bila hata moja kufunguliwa kufuli.
Aliyekuja kuyachukua hakuniamkia.
Jumatatu nikadai posho yangu. Bado naidai.

Bi. Ghati yeye alikuja na bisibisi mkobani.
"Fundi, nifungulie soketi zote.
Nasikia kuta za hapa zina masikio."
Tukafungua ishirini na tatu.
Tukakuta mayai ya mjusi, mawili, meupe kama tembe.
Akayatazama sana.
"Kumbe yupo," akasema, "mwenye makao rasmi."
Tukayafunika polepole.
Huyo ningependa akae. Alikuwa amekwisha chagua
pa kuweka cherehani ya mama yake,
dirishani, panapoangukia maua ya mjakaranda.
Mahakama ikatengua kiti chake siku ya kumi na tisa.

Baada ya hapo nyumba ikawa ghala:
viti vya sherehe za Madaraka, mapazia,
masanduku ya kura ya plastiki
yamepangwa mpaka dari, matupu, mifuniko kando.
Mlinzi, Ekitela, alianika soksi juu yake.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Hawakuiona hii. Hii ni mlango tu.

Jana barua imekuja. Mhuri umepauka.
*Kiongozi mpya anahamia wiki ijayo.
Mlango haufunguki. Shughulikia.*
Jina la kiongozi hawakuandika.
Labda hawajaafikiana, labda hawaoni haja.

Nimepanda kilima na randa yangu, magoti yakilia.
Nimepapasa ukingo: hapa nilimkatia Kiptoon,
hapa Mwasaru, hapa Bi. Ghati.
Kila aliyekuja nimeupunguza.
Kiangazi sasa upepo unapita, na barua, na panya.
Nikiendelea hivi, wa saba au wa nane
atakuta fremu peke yake.

Nimeirudisha randa mfukoni.
Nimepaka sabuni kwenye bawaba, nimefagia,
nimejaza fomu ya Wizara kwa kalamu ya Ekitela:
*Mlango umekaguliwa. Hauna kasoro.
Atakayetaka kuingia, asukume.*