Kiti cha Turubai

Nimo shimoni, Ruai, napanga visahani mtamboni.
Juu mtu anapaza, "Vuta!"
na udongo unachanua vumbi la chungwa.

Zamani Virdee angekuwa pale, kwenye kiti cha turubai,
mjumbe wa kampuni ya risasi,
buti la Peugeot wazi, msasa mfukoni,
akikwangua kitako cha bunduki ya mgeni
mpaka kikae shavuni kama mto.
Kuuza hakukuwa na haraka.
Aliyekosa alimwambia:
"Unakitazama kilipo. Kitazame kiendako."

Kampuni ilimuaga kwa mistari miwili.
Siku hizi yenyewe huja kama ujumbe wa simu:
bei mpya, namba ya kulipia.

Leo Nzilani amekosa vitano mfululizo.
Akageuka, akakitazama kiti.
Kimeshika maji ya mvua ya juzi.

Nikapakia cha sita.