Lupango Namba 214

Kwenye ramani ya kwanza, ile ya kitambaa cha nta,
lupango 214 ni mstatili mmoja tu:
mita ishirini na tano mbele, hamsini kwenda nyuma,
na kalamu iliyouchora haikutetemeka.
Kichuguu hakimo.
Lakini kilikuwapo, kirefu kuliko mtu na fimbo yake,
nacho ndicho kilichofinyangwa kuwa matofali.
Mchwa walifukuzwa, udongo wao ukatiwa motoni,
ukarudi ukuta mwekundu, barza pana, paa la bati,
na mbele duka la Mgiriki, Stavrou:
chumvi, makayabu, vitenge vya kupimwa kwa mkono.

Nyuma kabisa, boyeri.
Chumba kimoja, dirisha la kutosha kichwa.
Humo nilizaliwa, mtoto wa Musenge mpiga pasi.
Na nyuma ya boyeri kichochoro
kisicho na jina, maana kilikuwa njia ya ndoo:
usiku watu walipita humo wamebeba
kile ambacho mji wenyewe uliona haya kukitaja.

Mwaka wa amri, Stavrou aliondoka
na masanduku mawili na mizani.
Mpokeaji akaja na barua.
Akauza bidhaa, akauza rafu,
akauza misumari ya rafu.
Ardhi ilibaki kwa sababu haina mpini.

Alipokufa: watoto saba, mama watatu.
Wakati huo mimi nilikuwa kadastre,
mshika mnyororo wa mpimaji Kalumba.
Yeye akasimama barabarani, mimi nikasimama
mlangoni pa boyeri, pale pale,
tukavuta.
214 ikawa A na B.
Baada ya miaka miwili A ikazaa A bis
(namba nazo zina watoto wa nje).
Mpaka wa C ulipita katikati ya sebule:
kabati kwa mjane, kioo chake kwa kifungua mimba.
Jiko lilipata warithi wawili na moshi mmoja.

Halafu wakauza kichochoro.
Mita tatu upana, urefu wa mtaa mzima.
Nilimwambia afisa, hii ni njia.
Akauliza, ya nani?
Nikakosa jina la kumpa.
Mhuri ukagonga.
Leo kuna mtu analala humo, kitanda kimegusa kuta zote mbili,
na karatasi anayo, safi kuliko yangu.

Barza zilifungwa, zikawa vibanda vya simu.
Jakaranda iling'olewa: mizizi yake
ilikuwa imeingia D bila kibali.
Mwishoni akaja mnunuzi mmoja aliyetaka herufi zote,
akazirudisha kuwa namba moja,
akapandisha ghorofa tano za kioo cha buluu,
vigae vya bafuni vikiwa nje,
kama jengo lililovaa nguo kinyume.

Matofali yalipakiwa kwenye lori.
Dereva aliniuzia thelathini, kwa bei ya kuchoka.
Moja lina alama ya kidole gumba,
si changu, si cha baba,
cha mtu aliyekuwa na haraka kabla ya ramani.

Nimeyapanga nyuma ya nyumba, Katuba.
Mke wangu anauliza nitajenga nini.
Jana mvua ya kwanza ilinyesha.
Asubuhi niliona mstari mwembamba wa udongo
ukipanda tofali la chini, bado una unyevu.
Nilikuwa na ufagio mkononi.
Nikaenda kufagia upande mwingine.