Nguo za Kwenda Calama

Miaka ishirini na miwili nimepanga begi la Eleodoro
na sijawahi kupita kituo cha mwisho cha petroli
nje ya Punta Arenas.
Kaskazini naijua kwa kufua.

Shati likirudi na mistari ya chumvi kwapani, hiyo ni Copiapó.
Suruali yenye tope hadi magotini ni mvua ya Osorno,
na hapo najua alipiga goti kubadilisha gurudumu.
Soksi nikizikung'uta zikamwaga vumbi jeupe kwenye karo,
vumbi lisilo na harufu ya kitu chochote,
hiyo ni Calama, ambako, anasema, mvua ni uvumi.

Begi lake nalijua gizani.
Chini kabisa fulana tatu na bukta, za mwisho wa safari.
Shati la mikono mirefu.
Koti la mpira, maana Osorno hainyeshi, inamwaga.
Juu kabisa sweta la sufu alilofumiwa na mama yake kule Chiloé,
linalonuka kondoo kila likilowa.
Anavua nchi moja, anavaa nyingine,
na begi linamenyeka mithili ya kitunguu.

Shida ni kurudi.
Wakati wa kurudi begi liko kichwa chini, miguu juu:
baridi inakuja, sweta limelaliwa huko chini,
na wewe umeshika bukta.
Hilo hakuwahi kulitatua.
Hufika nyumbani akitetemeka, akiilaumu serikali.

Juzi mezani akasema, macho yake kwenye sahani,
"Edelmira, utingo wangu ameacha kazi. Kiti kiko wazi."
Huo ndio mwaliko. Wenzangu hupewa maua.

Basi nimekaa kitandani na begi jipya.
Nimefungua kabati: sufu.
Sufu nyeusi, sufu ya kijivu, sufu ya kanisani, sufu ya mazishi.
Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu
asiye na hata nguo moja ya jua.
Januari kwetu ni kiangazi, nasi twavaa makoti kwenda kununua mkate;
upepo ukizidi, kamba hufungwa mitaani
watu washike wasipeperushwe.
Mabega yangu hayajaonana na jua tangu nimzae Rosamel.

Nikabisha kwa jirani, Yasna, aliyewahi kuishi Antofagasta.
Akanipa magauni mawili ya pamba, moja la njano.
Akasema nyeusi niiache, Osorno kuna pange
wanaomfuata mwenye nguo nyeusi kama wadai.
Akasema joto la Santiago halina adabu, huingia bila hodi.
"Na Calama usiiamini. Mchana inakuoka,
saa tatu usiku unatafuta blanketi."
Kumbe jangwa nalo lina kusini yake.

Nikalijaribu lile la njano mbele ya kioo.
Kifaranga aliyetotolewa wiki mbaya.
Mikono kama mkate uliotolewa jikoni mapema.
Nikavaa sweta juu yake.
Nikavua.
Nikavaa.

Saa nane usiku, usingizi ukiwa umenikana,
nikapata jibu la begi la kurudi.
Usipange kwa tabaka.
Viringisha kila nguo kama mkeka, isimamishe wima,
pamba bega kwa bega na sufu,
koti la mpira kando ya gauni la njano,
vichwa vyote juu, vyote vinakutazama,
hakuna aliyemkalia mwenzake.
Ukitaka jua unachomoa jua. Ukitaka baridi,
mkono unajua njia.
Miaka ishirini na miwili!
Nikacheka peke yangu nikaziba mdomo kwa soksi.

Eleodoro anakoroma. Sijamwambia.
Begi lake nimelipanga vilevile, kama alivyozoea,
fulana chini, sweta juu.
Tutaonana wakati wa kurudi.